Mjadala: Tuache kuwaanzishia wageni anime za kuchekesha kwa Lucky Star na Nichijou

Mleta mada

Wakuu, salamu kwanza. Kila akitokea mtu kuuliza kuhusu anime, yaani katuni za Kijapani, "Nimemaliza Naruto, nimemaliza Attack on Titan, nimechoka kuona watu wanakufa, nipeni kitu chepesi cha kuchekesha, maisha ya kawaida tu," majibu huwa yale yale kama wimbo wa taifa: Nichijou, K-On!, Lucky Star. Maskini anakwenda, anateketeza bando, anarudi amenuna. "Mbona hakuna kinachotokea?" Nasi tunamwambia hajakomaa, arudi kwenye mapigano yake.

Mimi nasema tunawaonea. Hizo tatu ni za mtu aliyekwisha kuzama. Kumpa mgeni ni sawa na kumwalika harusini ukamketisha katikati ya watani wa ukoo, wanarushiana maneno, wanaanguka kwa kucheka, yeye hajui hata nani ni shangazi wa nani.

Ushahidi ninao nyumbani. Mdogo wangu, yuko kidato cha nne, nilimwekea Lucky Star. Episodi ya kwanza wasichana wamekaa wanajadili mkate wa kusokotwa wenye chokoleti ndani: kichwa chake ni upande mwembamba au mnene, na uanze kuliwa wapi. Wanaendelea. Wanaendelea tu. Dogo akanigeukia: "Kaka, hawa wanamsubiri nani?" Sikuwa na jibu.

Lucky Star ilitoka 2007, kazi ya Kyoto Animation, na sehemu kubwa ya vichekesho vyake ni mafumbo kuhusu anime nyingine. Konata, yule mfupi mwenye nywele ndefu za buluu, ni shabiki sugu wa Haruhi Suzumiya, msichana wa anime nyingine. Sauti yake imetolewa na Aya Hirano, ambaye 2006 ndiye aliyemtolea sauti Haruhi mwenyewe. Ukilijua hilo unagaragara chini. Usipolijua, ni mtoto wa shule tu anazungumzia katuni.

Halafu kuna suala la mdundo. Azumanga Daioh, Lucky Star na K-On! zote zilizaliwa kwenye vibonzo vya vyumba vinne, yonkoma, vinavyosomwa kutoka juu kushuka chini. Chumba cha kwanza kinafungua, cha pili kinaendeleza, cha tatu kinageuza, cha nne kinafunga. Hakuna adui wala ugomvi. Utamu wote uko kwenye ule mgeuko wa tatu. Msomaji wa Kijapani amekua navyo magazetini. Anayetoka Attack on Titan anasubiri ukuta uanguke, na ukuta hauanguki.

Pendekezo langu: mgeni apewe Barakamon au Silver Spoon.

Barakamon (2014, episodi 12) ni kijana anayeitwa Handa, mwandishi wa hati za brashi, mtoto wa mwandishi wa hati. Mkurugenzi wa ukumbi wa maonyesho, mzee anayetembelea fimbo, anamwambia kazi yake haina roho, imefuata kitabu tu. Handa anamtwanga ngumi. Baba yake anampeleka visiwa vya Goto, mkoa wa Nagasaki, akatulize kichwa. Anafika kwenye nyumba aliyopangishiwa anakuta ina wenyewe: watoto wa kijiji wameshaifanya maskani. Hapo unahitaji kuelezwa nini? Kila aliyewahi kupelekwa likizo kijijini kwa bibi anawajua wale watoto. Jina lenyewe ni neno la lahaja ya Goto, maana yake mtu mchangamfu. Na Naru, yule mtoto mtundu, sauti yake ilitolewa na mtoto kweli, si mtu mzima anayebana pua. Inasikika.

Silver Spoon (2013, msimu wa pili 2014) imetokana na manga (vibonzo vya kitabu) ya Hiromu Arakawa, yule yule wa Fullmetal Alchemist, ambaye alikulia kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa Hokkaido. Hachiken, kijana wa mjini Sapporo, amekimbia presha ya masomo akajificha shule ya kilimo, akidhani huko atakuwa kipanga. Siku za mwanzo tu anagundua yai linatoka wapi kwenye mwili wa kuku, anagoma kula. Wenzake wanamtazama kama mgonjwa. Mtu yeyote aliyefuga kuku wa kienyeji uani atacheka hadi machozi, na hakuna tafsiri iliyohitajika.

Naomba kuwasilisha. Msitukane.

Mchangiaji, Tanga

Mkuu umeanza vizuri, njiani ukaparamia mtaro. Lucky Star nakuachia, ichukue. Lakini Nichijou umeiingiza kwenye kesi isiyo yake.

Nichijou ndiyo inayohitaji maneno machache kuliko zote ulizotaja. Yuuko, msichana wa shule, anadondosha kisoseji chake cha chakula cha mchana, kile kilichokatwa kama pweza, na studio nzima inatumia nguvu za vita kuu kuonyesha anavyojirusha kukidaka. Mwalimu mkuu anakutana na kulungu uwanjani, anapigana naye mieleka, anamnyanyua na kumbwaga kwa nyuma. Mweleze mtu wa kabila lolote: mzee wa suti, kulungu, mieleka. Atacheka kabla hujamaliza.

Na ile ya kahawa? Yuuko kaingia mgahawa wa kisasa, anataka kahawa tu, anaulizwa saizi kwa majina asiyoyajua, anaona aibu kuuliza, anajikaza kisabuni, anatoka na kikombe cha espresso kama kofia ya kalamu. Nani humu hajawahi kusoma bei kwanza ndipo akajua anapenda kinywaji gani?

Ilipotoka 2011 huko kwao Japani diski zake hazikuuzika vizuri. Leo vipande vyake vinazunguka kwenye simu za watu wasiojua neno moja la Kijapani. Sasa hiyo ni anime ya waliozama au ni ya kila mtu?

Mchangiaji, Dodoma

Mmesahau Gintama.

Mchangiaji, Tanga

Gintama ina wageni kutoka sayari nyingine wamevamia Edo, Tokyo ya zamani. Maisha ya kawaida ya wapi hayo, Dodoma?

Mchangiaji, Mwanza (mama wa watoto wawili)

Samahanini nachungulia mjadala wenu, mimi si shabiki, nina watoto wanaoangalia. Nyie mnabishana juu ya nani atacheka. Mimi nauliza nani aangalie. Nikisikia "vichekesho vya maisha ya kawaida" najua ni salama, namwachia mtoto simu napika. Siku moja nakuta mwanangu wa miaka 9 anashusha kaptula mbele ya mgeni, anacheza na makalio. Kajifunza kwa Shin-chan. Nikatamani ardhi ipasuke.

Baadaye nikafuatilia. Ile Crayon Shin-chan ilianza 1990 kama manga kwenye jarida la watu wazima, ikawa katuni ya televisheni 1992. Hata Japani kwenyewe, kwa miaka mingi wazazi wakiulizwa kipindi wasichotaka watoto wao waone, jina hilo halikosi. Kwa hiyo mnapopendekeza, mseme na umri. Kuchorwa hakuifanyi kitu kuwa cha watoto.

Mleta mada

Dada umesema kweli, na hilo sikuliwaza kabisa. Pole kwa mgeni. Nimwongezee mwenye kutaka: kwenye Silver Spoon kuna uchinjaji. Hachiken anampenda nguruwe mdogo kuliko wote zizini, anaonywa asimpe jina, anampa: Butadon, yaani bakuli la wali na nyama ya nguruwe. Mnajua mwisho wake. Inachekesha na inauma hapo hapo, na mtoto wa miaka 9 atakuuliza maswali mezani.

Tanga, kuhusu kahawa umenipiga. Ile episodi nilikuwa nimeisahau. Lakini hujajibu hoja: kati ya hiyo kahawa na yule kulungu kuna dakika ngapi za watu kukaa kimya tu? Mgeni hatakuwepo kulungu akifika.

Mchangiaji, Nairobi

Wasee, hebu niulize kitu. Hii "hakuna kinachotokea" mnaiongelea kama ugonjwa. Anime iliyoandikwa katika rekodi za Guinness kwa kuonyeshwa televisheni muda mrefu kuliko katuni nyingine yoyote ni ipi? Si One Piece. Ni Sazae-san, ilianza Oktoba 1969, inaonyeshwa Fuji TV kila Jumapili jioni saa kumi na mbili na nusu, na humo ndani mama anasahau kununua kitu dukani. Ndiyo hadithi. Imeisha.

Ilianza kama kibonzo cha gazeti mwaka 1946, mchoraji ni mwanamke, Machiko Hasegawa. Familia nzima ina majina ya baharini. Sazae ni konokono wa baharini, mdogo wake Katsuo ni samaki aina ya jodari, Wakame ni mwani, mama yao Fune ni mashua, baba Namihei jina lake limebeba wimbi. Namihei ana miaka 54 tangu 1969. Katsuo yuko darasa la tano, hajawahi kuvuka. Sisi tuliokua na Juha Kalulu kwenye Taifa Leo hatushangai: mtu hazeeki, hajifunzi, kesho anarudi na ujinga mpya, na ndiyo maana unalitafuta gazeti.

Hata wana jina la ile huzuni ya Jumapili jioni, wimbo wa Sazae-san ukiisha na unajua kesho ni kazi: wanaiita ugonjwa wa Sazae-san. Kitu ambacho hakuna kinachotokea ndani yake kimepewa ugonjwa.

Kwa hivyo swala kwangu si ni gani rahisi. Mgeni anaangaliaje? Ukimwekea episodi sita kwa mpigo, K-On! itamuua. Mpe moja tu, usiku, baada ya kazi na matatu na foleni, wasichana wanakunywa chai na keki badala ya kufanya mazoezi ya muziki. Aende alale. Wiki ya tatu atakuuliza mwenyewe kama Yui, mpiga gitaa wao, ameshajifunza hiyo gitaa.

Na si kweli kwamba K-On! haina kitu. Msimu wa pili, 2010, wanne wanahitimu na Azusa, wa darasa la chini, anabaki. Hakuna aliyekufa na mimi nililia kama mtoto. Uliona ukafika huko, ama ulitoka kwenye keki?

Mleta mada

Nilitoka kwenye keki.

Mchangiaji, Pemba

Assalaam alaykum. Mie sina ugomvi na Nichijou. Nina neno na Barakamon, maana kila mtu anaisifu na hakuna anayeuliza.

Nimezaliwa kisiwani. Ile kazi naipenda, sikatai. Watoto kuingia bila hodi, jirani kuleta chakula bila kuulizwa, siku ya kurushiana vile vitumbua vyao vya mchele na bibi mmoja akawa bingwa wa kuokota, vyote navijua kwa majina ya kwetu. Lakini angalieni hadithi inamfuata nani. Mtu wa mji kaharibikiwa, kaletwa kisiwani, watu wa kisiwa wanamtibu kwa kuwa wachangamfu. Wao shida zao ziko wapi? Vijana wa kule nao wanahama kutafuta kazi, shule zinakosa watoto, kama kwetu. Hilo linapita pembeni kama upepo. Kisiwa kimekuwa dawa ya mtu wa Tokyo.

Silver Spoon haina kosa hilo. Kule mashamba yana madeni, familia inafilisika, ng'ombe wanauzwa, na kijana wa mjini hawezi kumwokoa mtu kwa tabasamu. Inachekesha zaidi kwa sababu mambo ni mazito. Ningekuwa wewe ningebakisha hiyo moja.

Mchangiaji, Nairobi

Pemba amemaliza. Sasa nimeona mbona hiyo Barakamon ilinipendeza sana: mimi ndiye yule mtu wa mji.

Mleta mada

Pemba, wa alaykumu salaam. Nakubali nusu. Satsuki Yoshino aliyechora manga ni mzaliwa wa Goto, kwa hiyo si mgeni aliyekuja kupiga picha akaondoka. Na kile kisa cha ukuta wa bahari mimi sikisomi kama dawa. Naru anamwambia Handa apande, la sivyo hataona. Anapanda kwa taabu, magoti yanamtetemeka, anaona jua linazama baharini, anarudi usiku anaandika herufi moja kubwa ya furaha. Mtoto hakumtibu mtu, alikuwa anaonyesha mahali pake anapopenda. Lakini kwamba shida za wenyeji zinapita pembeni, hapo sina utetezi. Nitairudia nikiwa na jicho hilo.

Kwa hiyo orodha yangu naipunguza: Silver Spoon kwanza. Nichijou nairudisha, ila mgeni aanze na kipande cha kahawa, asianze na episodi nzima, Tanga usiniletee kelele. K-On! ni kwa masharti ya Nairobi, moja moja usiku. Lucky Star inasubiri hadi mtu ajue Haruhi ni nani. Shin-chan mzazi aone kwanza.

Dogo nimemwekea Silver Spoon jana usiku. Kaangalia ya kwanza akalala. Asubuhi nimekaanga mayai, kayatazama, kasukuma sahani.