Fedha zilizobaki: matangazo au kurekebisha gemu?

Wakuu, naomba ushauri. Gemu ninalotengeneza limebakiza miezi 3 litoke Steam (duka la mtandaoni la gemu za kompyuta), na bajeti inatosha jambo moja: matangazo au kusaka hitilafu. Matangazo huleta wanunuzi wa wiki ya kwanza, ila Steam humrudishia mteja fedha akiomba ndani ya siku 14 akiwa amecheza chini ya saa 2. Likikwama mapema, mauzo yote yanayeyuka. Gemu ya Cyberpunk 2077 ilitangazwa mno, ikatoka Desemba 2020, na siku chache baadaye Sony ikaiondoa kwenye duka lake, PlayStation Store, kwa sababu ya hitilafu. Lakini ubora pekee hautoshi: gemu ya Among Us ilitoka 2018 ila ilivuma 2020, baada ya warushaji mubashara kuicheza mtandaoni.

Naegemea kunyoosha saa 2 za kwanza za gemu kabla ya trela (video fupi ya kulitangaza). Je, tarehe ya kutoka isogezwe mbele?