Miguu ya punda Tausi: gumzo la ukoo wetu wa Lamu

JUMATATU

Ami Athmani: Asalaam aleikum jamaa. Tausi usiku kucha anapiga mguu chini, mpaka jirani akagonga ukuta. Asubuhi nimemtazama, miguu yote miwili ya nyuma, pale nyuma ya kifundo juu ya kwato, ana vigaga. Tazameni.
[picha 3]

Mama Fatma: Waaleikum salaam. Maskini punda wa watu! Si kamba hiyo?

Ami Athmani: Kamba humfunga mguu wa mbele. Hivi viko nyuma.

Kassim: Ami mpake oili chafu ya boti. Marehemu babu alikuwa akipaka na vikikauka.

Khadija (Mombasa): Kassim ndugu yangu, hapana. Oili iliyotumika inachoma ngozi iliyo wazi, na punda atairamba. Wala maji ya betri, wala mafuta ya taa. Ami shikamoo, usimpake kitu mpaka nitoke kliniki, kuna mbwa mezani. Nitakuandikia saa saba.

Ami Athmani: Marahaba mwanangu. Nasubiri.

Khadija (Mombasa): Haya nimekaa. Ami nijibu moja moja. Vigaga ni duara kama choa, au vimetapakaa? Ukikigusa kimoja, nywele zinatoka nacho kwa pamoja? Na ngozi ya hapo ni nyeusi au nyeupe?

Ami Athmani: Si duara. Ngozi nyeusi. Nimebandua kimoja, kimetoka na nywele zimesimama kama brashi ya rangi. Chini pamelowa, pana usaha kidogo. Alirusha teke, sikumlaumu.

Khadija (Mombasa): Usibandue tena vikiwa vikavu, Ami. Unamuumiza na unafungua ngozi upya. Hiyo brashi uliyoiona ndiyo alama kubwa. Kuna kidudu cha bakteria kinaitwa Dermatophilus congolensis. Kilielezwa mara ya kwanza 1915 kwa ng'ombe wa Kongo, ndiyo maana kina jina hilo. Kinaweza kukaa kimya kwenye ngozi. Ngozi ikilowa siku nyingi ikawa laini, au ikikwaruzwa, kinapata mlango.

Mama Fatma: Na mvua hii ya masika!

Khadija (Mombasa): Mvua, na bahari pia. Ami, mchanga mnaupakulia wapi?

Ami Athmani: Jahazi halifiki ukingoni maji yakipwa. Punda wanaingia mpaka magotini, tunajaza sogi, wanatoka. Safari kumi, kumi na mbili kwa siku. Jioni namrudisha bandani.

Khadija (Mombasa): Na sakafu ya banda?

Ami Athmani: Imelowa. Paa linavuja upande wake.

Salim (Muscat): Nimeamka sasa hivi, nilikuwa zamu ya usiku. Ami pole sana. Hapa mazizini kwetu farasi wanapata hivyohivyo, tena bila mvua. Kila baada ya mazoezi wanaoshwa miguu, na mchungaji mvivu akiwaacha na maji kifundoni, baada ya wiki mbili unapapasa unakuta vigaga. Msimamizi wetu hutupitishia mkono nyuma ya kifundo kila jioni, maana unavishika kwa vidole kabla hujaviona kwa macho. Taulo ndiyo dawa ya kwanza.

Khadija (Mombasa): Salim amesema kweli. Lakini Ami, jambo moja linanitia shaka. Kupiga mguu usiku kucha. Bakteria huyu huleta maumivu zaidi kuliko muwasho. Punda akipiga mguu na kujisugua, nafikiria utitiri. Ni wadudu wadogo sana wanaopenda miguu, na huwezi kuwatofautisha kwa picha ya simu. Mpeleke hospitali ya punda pale mbele ya bahari, wamkwangue ngozi watazame kwenye hadubini. Hawalipishi.

Ami Athmani: Kesho nina mchanga wa fundi, nimeshachukua arubuni.

Mama Fatma: Athmani, punda wetu yuko bure mpaka Alhamisi. Mchukue. Tausi aende kwa daktari.

Ami Athmani: Mungu akuzidishie, dada.

Khadija (Mombasa): Na Ami, chanjo ya pepopunda amepata? Punda na farasi ugonjwa huo unawaua upesi, na kidonda karibu na kwato kinashika udongo wa samadi.

Ami Athmani: Mwaka juzi.

Khadija (Mombasa): Waambie hivyohivyo, wataamua.

JUMANNE

Ami Athmani: Tumetoka. Binti yangu maneno yako yote mawili. Wameona utitiri, na vigaga ni vya bakteria. Amepewa dawa ya utitiri, na wamesema punda wote wanaolala naye wapewe, na matandiko yote yatolewe. Nywele za miguuni wamezikata kwa mkasi.

Kassim: Kumbe. Ningemuunguza bure. Ami nisamehe.

Ami Athmani: Hukujua, mwanangu. Njoo jioni tuezue lile paa.

Khadija (Mombasa): Alhamdulillahi. Sasa kuosha. Iodini ya hospitali ichanganye na maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka ipate rangi ya chai ya rangi isiyokolea. Vaa glavu, kidudu hiki kinampata na mtu. Lowesha vigaga, acha dakika kumi, visugue taratibu. Kinachoachia kiache kitoke, kinachogoma kesho tena. Vilivyotoka vichome moto, usivitupe bandani, vina uhai ndani miezi mingi. Suuza, halafu kausha kwa kitambaa safi mpaka katikati ya mikunjo. Ukimuosha usimkaushe, ni heri usingemuosha.

Mama Fatma: Kila siku?

Khadija (Mombasa): Mpaka vigaga viishe tu, kisha aache. Kuosha mno kunarudisha ulaini uleule. Na mguu ukivimba kwenda juu, ukawa moto, au akachechemea, asingoje, arudi siku hiyohiyo. Sindano ya antibiotiki achome daktari, si mtu wa duka.

ALHAMISI YA WIKI YA PILI

Ami Athmani: [picha 2] Mguu wa kushoto hauna kigaga hata kimoja, manyoya yanaanza. Wa kulia vimebaki viwili. Usiku hapigi mguu tena.

Salim (Muscat): Mashallah!

Khadija (Mombasa): Ngozi imefunga vizuri. Baharini bado, Ami?

Ami Athmani: Nimekubaliana na nahodha, tunapakua maji yakijaa, jahazi linaegemea gatini. Tausi atabeba kutoka nchi kavu. Safari zitapungua lakini nimeshamwambia fundi.

Kassim: Paa limekwisha. Nimemwagia na mchanga mkavu sakafuni.

Mama Fatma: Athmani, punda wetu naye leo kasimama anajisugua mguu kwenye ukuta. Alilala kwenu siku tatu zile. Namleta kesho hospitali au hata jioni hii?

Khadija (Mombasa): Jioni hii, Mama. Kabla hawajafunga.

Ami Athmani: Nakuja kumchukua mimi, dada. Usimpitishe ufukweni.