Tunahama Dar na watoto watatu: Morogoro, Tanga au Iringa?

Sindano_na_Uzi
Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri, na wenye matusi mpite kimya kimya.

Mume wangu alipunguzwa kazi kiwandani mwezi wa sita. Yeye ni fundi umeme wa mitambo, mimi ni fundi cherehani, nina cherehani nne na kifremu hapa Tabata. Watoto watatu: wa kwanza yuko darasa la sita, wa pili la tatu, mdogo ana miaka miwili na ana pumu. Kodi ya nyumba ni 300,000 kwa mwezi, na ikifika Januari mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Mkononi tuna milioni 11, na kila nikizihesabu zimepungua.

Mimi nimezaliwa Dar, mume kwao Kigoma na hataki kurudi mikono mitupu, kwa hiyo popote tutakapokwenda ni wageni. Nataka mahali ambapo watoto watatoka nje bila mimi kusimama mlangoni, hospitali iwe karibu, na mkono uende kinywani. Mume anasema tununue kiwanja kabisa ili pesa isiyeyuke. Nawasilisha.

Kula Zabibu
Dodoma. Watu wanajenga kila siku, fundi umeme halali njaa.

Sindano_na_Uzi
Asante kaka, ila vumbi lile na kifua cha mwanangu haviwezi kukaa nyumba moja.

Kihonda Kwetu
Dada karibu Moro. Mboga zinashuka kutoka Uluguru asubuhi na bei zake hazifanani na za Dar. Kuna wanafunzi wa vyuo vikuu vya SUA na Mzumbe, wateja wa kushona na kurekebisha nguo hawakosekani. Tangu treni ya umeme ianze Juni 2024, Dar ni chini ya saa mbili, 13,000 daraja la kawaida, watoto nusu. Mume anaweza kufuata vibarua vya Dar na kurudi usiku.

Ila treni hiyohiyo imewapa kiburi wenye viwanja huku Kihonda. Na mkipanga, angalieni nyumba wakati wa mvua, msiangalie kiangazi. Kuna mitaa ya mabondeni maji yanaingia hadi sebuleni.

Kamwene25
Iringa naipenda, ndiko nilikokulia. Lakini wa kwangu naye alikuwa na pumu, na Juni na Julai nilikuwa nalala nimekaa, nimempakata. Baridi ikianza tu, kifua kinabana. Kila mtoto na kifua chake, muulizeni daktari wake kwanza. Ningekuwa wewe ningeifuta.

Mgosi wa Ngamiani
Shikamoo wakubwa, marahaba wadogo. Mimi niko Tanga, kwa hiyo mnisikilize mkijua navutia kwangu.

Mji umenyooka. Ngamiani barabara zina namba, mtoto hapotei: unamwambia tuko barabara ya kumi na tano, basi. Watoto wanakwenda shule kwa baiskeli, na wazee pia. Hospitali ya mkoa ni Bombo, ipo hapohapo mjini, kwa mtoto wa pumu hilo si dogo. Joto lipo, nisikudanganye. Januari shuka unaitupa chini. Jioni upepo wa bahari unakuja kuomba radhi.

Kazi ya mume: kuna saruji, kuna chokaa Amboni, kuna bandari. Aende mwenyewe na vyeti vyake mkononi, asitume ujumbe. Lakini msije kwa sababu ya bomba la mafuta. Ni kweli linatoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani huku Tanga, kilomita 1,443, ila kazi nyingi za ujenzi zina mwisho, na nimeona waliohamia kwa ajili yake wakibaki na kodi ya nyumba tu.

Kazi yako wewe ndiyo naiona zaidi. Huku harusi bila sare si harusi, na Ramadhani ikifika kumi la mwisho mafundi hawalali. Tatizo ni mkopo. Mtu anachukua dera leo, pesa "mwezi ukiandama". Chukua nusu kabla mkasi haujagusa kitambaa, hata kama anakuita mwanangu. Na msiba wa jirani nenda, ukakae jamvini, uoshe vyombo. Mgeni anayejifungia ndani huku hapati wateja hata kama anashona kama malaika.

Dalali Mstaafu
Wote mnazungumzia mji. Mimi nazungumzia milioni 11.

Dada, mwambie shemeji kiwanja asiguse mwaka wa kwanza. Nimefanya udalali miaka tisa, najua tunavyompenda mtu aliyetoka kulipwa mafao. Utaonyeshwa eneo Jumapili, utaambiwa kuna mwingine anakuja na pesa Jumatatu. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa si hati. Hata ukifika wakati wa kununua, nendeni kwanza ofisi ya ardhi ya halmashauri mkahakiki namba ya kiwanja. Mimi mwenyewe niliuziwa kilichokwishauzwa, na nilikuwa dalali!

Pangeni. Na asihame mtu na godoro kabla baba hajaenda peke yake wiki mbili, akalala huko, akatafuta kazi, akaona maji yanatoka siku ngapi kwa wiki.

Kula Zabibu
Mume peke yake Tanga wiki mbili? Hatorudi huyo.

Mgosi wa Ngamiani
Atarudi. Mnene.

Mwalimu Chaki
Kuhusu shule: msihame katikati ya mwaka. Mwakani mmoja yuko la nne na mwingine la saba, wote wana mtihani wa taifa. Hamisheni Desemba, waanze Januari huko. Kabla ya shule kufungwa mwone mwalimu mkuu, uhamisho unapita kwenye mfumo wa kompyuta kwa namba ya PREM, yaani namba ya usajili ya kila mtoto. Shule ya zamani inamwachia, mpya inampokea. Ziandike namba zote mbili kwenye daftari lako. Wazazi wengi hufika na barua bila namba, tunaanza kupigiana simu.

Sindano_na_Uzi
Nimesoma yote, na mume nimemsomea. Dalali Mstaafu, kanuna, halafu kacheka. Anaondoka Jumatatu kwenda Tanga, akikosa anapitia Moro kabla ya kurudi. Kiwanja tumekisahau kwa sasa.

Swali la mwisho: cherehani zote nne nibebe, au niuze mbili nipunguze nauli ya mzigo?

Mgosi wa Ngamiani
Usiuze hata moja, na meza ya kukatia ibebe. Fuso zinazoleta machungwa ya Muheza huko Dar zinarudi huku tupu. Nenda sokoni alfajiri uongee na dereva wakati wanashusha, kabla hajapata mzigo mwingine.