Nina malengelenge sehemu za siri ila kipimo cha damu kimesema sina kitu, naombeni ushauri

Mleta uzi:
Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka. Siku 9 zilizopita nililala na mtu bila kondomu. Siku ya tano nikaanza kuhisi mchonyoto pembeni ya uume, nikasema ni wembe tu, maana nilikuwa nimenyoa. Juzi usiku nikajifungia bafuni nikamulika kwa tochi ya simu. Vilengelenge vinne vidogo, vimebanana sehemu moja, ndani vina maji. Leo viwili vimepasuka, mkojo ukigusa hapo nakunja uso. Na nimetokwa na mtoki kinenani upande huohuo.

Jana nikapima damu ya hepesi, kile kirusi kinacholeta malengelenge kama haya, nikaambiwa sina. Je, nitulie? Mchumba wangu anarudi kutoka safari Jumamosi na hajui lolote.

Jibu 1:
Pole sana ndugu yangu, ila usitulie bado. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupambana na kirusi, na mwili huzitengeneza polepole, inaweza kufika wiki 12 na zaidi ndipo zionekane. Wewe uko siku ya 9. Majibu hayo hayasemi chochote kuhusu vidonda ulivyo navyo leo.

Unachohitaji ni sampuli ya kidonda chenyewe. Mhudumu anasugua kijiti cha pamba juu ya kidonda, maabara wanatafuta kirusi hapo hapo. Kidonda kikiwa kibichi ndiyo kinatoa jibu la kuaminika. Kikishafunga gamba unaweza kuambiwa huna kumbe unacho. Kwa hiyo nenda leo, usingoje kesho. Daktari akiziona dalili anaweza kukuanzishia asiklovia, dawa ya kupunguza nguvu ya kirusi hicho, hata kabla ya majibu. Haikitoi kirusi mwilini, lakini ikianzwa mapema vidonda hupona haraka zaidi.

Jibu 2:
Mimi ni mwanamke, nimeishi nayo miaka sita. Mara ya kwanza nilipaka dawa ya meno kwa kusikia maneno ya watu, nililia usiku kucha. Usipake kitu, kaka. Ukienda kukojoa jimwagie maji ya uvuguvugu hapo hapo wakati mkojo unatoka, na unywe maji mengi ili mkojo usiwe mkali. Mara ya kwanza ndiyo huwa kali kuliko zote. Mimi sasa vinanitoka labda mara moja kwa mwaka, na siku moja kabla naanza kusikia mwasho, najua vinakuja. Nimeolewa na mume wangu anajua kila kitu.

Jibu 3:
Pima na kaswende. Kidonda chake mara nyingi ni kimoja na hakiumi, chako kinauma, lakini kwa macho tu mtu anaweza kukosea. VVU pia, japo siku 9 ni mapema mno, hata ukiambiwa huna sasa rudia ukitimiza miezi mitatu.

Jibu 4:
Kuhusu mchumba: usimguse mpaka vidonda vipone kabisa, na hata kwa mdomo usijaribu. Baada ya hapo kondomu inapunguza hatari ila haiimalizi, kwa sababu kirusi hutoka hata kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki, hata siku ambazo huna kidonda. Ndiyo maana anatakiwa ajue kabla, aamue mwenyewe. Na yule uliyelala naye usimvamie kwa lawama. Shirika la Afya Duniani linakadiria watu milioni 846 wa miaka 15 hadi 49 wana hepesi ya sehemu za siri, na wengi wao hawajawahi kuona dalili.

Mleta uzi:
Nimetoka hospitali sasa hivi. Wamechukua sampuli kwenye kile kilichopasuka asubuhi, iliuma kwa sekunde kadhaa tu. Kaswende sina. Asiklovia nimeanza. Mchumba nimempigia, nimemwambia akifika kuna jambo zito la kuzungumza kabla ya kitu kingine chochote. Ameniuliza kama naumwa, nikamjibu ndiyo.