Naomba ushauri (Novemba 2023): begi la wanaanga lililoponyoka, nilione vipi nikiwa Lindi?

Mwana_Lindi: Wakuu, habari za jioni. Novemba 1 wanaanga Jasmin Moghbeli na Loral O'Hara wa Marekani walikuwa nje ya kituo cha anga, begi la vifaa likawaponyoka. Nakaa ufukweni jioni, kituo nakiona, begi silioni. Ninunue darubini kubwa ipi? Usingizi sina.

Kokoto: Mwaka 2008 begi jingine lilimponyoka mwanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper. Hawafungi kamba? Baba yangu alikuwa mvuvi Mikindani, hata kisu alikifunga kiunoni.

Mama Korosho: Darubini kwa pesa ipi, mdogo wangu? Sema yote.

Mwana_Lindi: Sawa dada. Kianzio nimeshatoa. Ni pesa ya korosho, mke wangu hajui. Lakini si anasa, nimewaahidi wanafunzi kuwaonyesha Ijumaa.

Mama Korosho: Korosho kapalilia nani? Kaokota nani? Mume wangu alipokea malipo ya mnada akarudi na spika, watoto wakaenda shule na sare za mwaka jana. Hiyo pesa ina mwenyewe.

Mdadisi_Mtw: Chai hii. Kituo kiko kama kilomita 400 juu, kinakimbia kilomita 28,000 kwa saa, mtu aone begi? Weka picha.

Mwana_Lindi: Picha sina. Sidanganyi.

Fundi Redio: Si chai. Limesajiliwa kwa namba 58229 kati ya vitu vinavyozunguka dunia. Uzito wake ni mdogo ukilinganisha na ukubwa wake, kwa hiyo ile hewa nyembamba ya juu inalishusha haraka kuliko kituo. Likishuka, mzunguko wake unafupika, linatangulia. Wewe unatoka kituo kinapokuja, lenyewe limeshapita! Toka mapema. Darubini kubwa haikufai, inaona kipande kidogo mno cha anga. Tafuta ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, lenzi ya milimita 50), maana mwanga wa begi ni daraja la 6 hivi (namba ikipanda, mwanga unafifia), jicho tupu halilipati. Watoto waonyeshe kituo chenyewe, wataruka kwa furaha.

Mwana_Lindi: Muuzaji harudishi kianzio, mkuu. Na nimeahidi begi.

Mdadisi_Mtw: Basi Ijumaa saa ngapi? Nije na yangu ya macho mawili.

Fundi Redio: Baada ya magharibi, sisi gizani, lenyewe bado linapigwa jua. Dakika kamili chukua siku hiyohiyo kwenye programu ya setilaiti. Vipimo vya wiki iliyopita vitawapoteza, linazidi kushuka.

Mama Korosho: Na mkeo?

Mwana_Lindi: Nitamwambia Jumamosi, dada.