Naomba ushauri: nimepewa picha ya mchoraji Whistler, nyuma imeandikwa ilionyeshwa 1883

Binti_Pangani
Wakubwa shikamooni, wengine mambo. Niko Leeds, natunza wazee majumbani. Bibi niliyemhudumia miaka minne alifariki, mwanawe akanipa picha iliyokuwa chumbani kwake: mfereji wa Venice, mistari myembamba kama unywele. Nikaichukua kama kumbukumbu tu. Nyuma ya fremu mtu ameandika kwa penseli kwamba ni ya Whistler na ilionyeshwa London mwaka 1883. Sasa kuna mnunuzi wa vitu vya kale anataka kunipa pesa taslimu keshokutwa. Anadai karatasi imekatwa pembezoni, kwa hiyo thamani imeshuka. Niuze?

Chumvi_Kidogo
Uza dada. Picha hailipi kodi ya nyumba.

Mzee_wa_Chapa
Marahaba binti. Chumvi, pole pole.

Kwanza hilo la kukatwa. Whistler mwenyewe ndiye aliyekuwa na mtindo wa kukata karatasi kufuata ukingo wa picha, akiacha kijiulimi kidogo chini, na hapo anachora kipepeo kwa penseli. Kipepeo ndiyo sahihi yake. Kikifuatwa na herufi "imp", maana yake ameichapa kwa mkono wake. Angalia kama kijiulimi kipo kabla hujakubali kuambiwa imeharibika.

La pili ndilo zito. Mwaka 1879 Whistler alifilisika baada ya kesi yake na mkosoaji wa sanaa Ruskin (alishinda, akalipwa fidia ya farthing moja, robo ya peni!), duka la sanaa la Fine Art Society la London likamtuma Venice akachore picha 12 kwenye mabamba ya shaba, ambayo hupakwa wino na kuchapwa kwenye karatasi. Picha hizo zilionyeshwa Desemba 1880. Februari 1883 akarudi pale pale na picha 51, ukumbi mzima mweupe na njano, na ndani ya katalogi akachapisha maneno ya wakosoaji waliomtukana. Kwa hiyo maonyesho ya 1883 ni ya kweli. Lakini bamba moja hutoa nakala nyingi. Kusema picha hii ilionyeshwa 1883 si kusema *karatasi hii yako* ndiyo iliyoning'inia ukutani siku ile. Ni kama kanga: jina ni moja, doti ziko mamia. Wauzaji wengi huchanganya hayo mawili, wengine kwa makusudi.

Nyuki_Mweusi
Sasa karatasi yake ataifuatiliaje mkuu?

Mzee_wa_Chapa
Geuza karatasi, si fremu. Wakusanyaji wa zamani walipiga mihuri midogo, mara nyingi kwenye kona ya nyuma. Mtaalamu wa sanaa Frits Lugt aliikusanya mihuri hiyo kitabuni mwaka 1921, akaongeza juzuu 1956, na leo taasisi ya Fondation Custodia ya Paris imeiweka mtandaoni bure. Namba za penseli za maduka nazo usizifute. Kisha linganisha na katalogi ya michoro ya Whistler ya Chuo Kikuu cha Glasgow, nayo iko mtandaoni. Whistler alibakiza wino tofauti kwenye bamba kila alipochapa, hivyo nakala mbili hazifanani kabisa.

Usibandue selotepu mwenyewe. Mpelekee fundi wa kuhifadhi karatasi. Na chukua lenzi: ukiona vidoto vilivyopangwa kama kwenye gazeti, hiyo ni picha ya kitabuni, unywe chai upumzike.

Wakili_wa_Mtaani
Dada, una maandishi ya kupewa? Kwa kazi yako, zawadi kutoka nyumba ya mteja inaleta maneno. Mwombe mwanawe barua yenye tarehe, saini, na maelezo ya bibi aliipata wapi. Hiyo ndiyo pete ya mwisho ya mnyororo wa waliowahi kuimiliki, na ni wewe peke yako unayeweza kuifunga sasa, huyo mtu angali hai. Uliza hasa kuhusu 1933 hadi 1945; pengo la miaka hiyo ndilo wanunuzi wakubwa huliogopa, kwa sababu ya mali Wayahudi walizoporwa na Wanazi.

Binti_Pangani
Asanteni sana wakuu. Barua nimeahidiwa Jumapili, na kazini nimeshawaarifu. Mwanawe anasema babu yake aliinunua Edinburgh kabla ya vita. Kijiulimi kipo! Na kipepeo, mkia umefifia. Vidoto sijaviona. Fundi amefungua fremu leo: kona ya nyuma kuna herufi mbili ndani ya duara, ya pili sijui ni R au K.

Yule mnunuzi amepiga simu mara tatu tangu asubuhi. Ameongeza dau.

Chumvi_Kidogo
Nafuta ushauri wangu 😂 Weka picha ya huo muhuri tuuone.