Kivuko cha mafunzo Tabora: taa za balbu au LED? Kengele ya nyundo au ya spika?

Mwanyanyembe (mwanzisha mada)
Mwangaluka wakuu. Hapa Tabora kuna kiwanja kinaandaliwa cha kufundishia madereva na bodaboda kuvuka reli. Fedha ipo, na oda inatakiwa itoke kabla mvua za Novemba hazijaanza. Seti zilizo mezani ni mbili. Moja ni ya mtindo wa Kimarekani: taa mbili mbili kwenye nguzo, balbu za volti 10 wati 25, na kengele ya chuma inayogongwa na nyundo. Nyingine ni LED za volti 12, kengele yake ni spika. Bei hazipishani sana.

Mimi napenda balbu. Inawaka polepole na kufifia polepole, zile nyekundu mbili zinapokezana kama kitu kinachohema. LED inakatika ghafla mno. Na kengele ya chuma ukiwa karibu unaisikia mpaka kifuani. Ila fedha si yangu, sitaki kununua kwa mapenzi tu. Mngechukua ipi?

FundiRilei
Mkuu, hapo hakuna mtu anayeweza kukushauri. Umeme unatoka wapi? Kutoka boksi la betri hadi nguzo ya mbali ni mita ngapi? Taa zitaangalia upande gani, mashariki, kaskazini, wapi? Kuna treni itapita au ni kipande cha reli tu? Mataruma, yale yanayolaliwa na reli, ni ya mbao au ya chuma? Ukishajibu hayo ndipo tuongelee balbu na LED.

Kaliua_Junction
LED, wala usipoteze muda. Piga hesabu: nguzo mbili, kila moja ina jozi ya mbele na jozi ya nyuma. Kwa kuwa taa za jozi zinapokezana, muda wowote zinawaka 4. Balbu 4 za wati 25 ni wati 100, yaani ampea 10 kwenye volti 10. Betri ya risasi ya Ah 100 (ampea-saa 100) usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo una saa 5 basi. LED za wati 8 zinakula wati 32, kama ampea 2.7 kwenye volti 12. Betri ileile inakupa zaidi ya saa 18. Kwa umeme wetu unavyokatika, hapo hakuna mjadala.

Mama_Stesheni
Naomba nitofautiane na nyote. Vivuko vingi vya njia ya zamani havina taa wala geti. Kuna msalaba, na pengine alama ya kusimama. Dereva mkimzoesha kusubiri taa nyekundu, akifika kivuko kisicho na taa atapita kama vile njia ni nyeupe. Wekeni kwanza msalaba sahihi: wa kawaida pale reli ilipo moja, na wenye nusu msalaba ya ziada chini yake pale reli zilipo mbili au zaidi. Madereva wengi hawajui maana ya ile nusu ya chini. Treni ya kwanza ikishapita wanaingia, kumbe njia ya pili nayo ina treni.

Mwanyanyembe
Ahsante mama, msalaba utakuwepo, wa aina zote mbili.
FundiRilei: umeme ni wa TANESCO, betri ni akiba. Nguzo ya mbali iko mita 60 kutoka kwenye boksi. Barabara ya mazoezi inakwenda mashariki na magharibi. Hakuna treni, ni mita 24 za reli ya upana wa mita moja na kitoroli cha kusukuma kwa mkono. Mataruma ni ya chuma, yale ya zamani.

FundiRilei
Sasa tunaweza kuongea. Nianze na jua, maana ndilo litakaloharibu kazi yako kabla ya kitu kingine.

Reli ya Kati inalala mashariki kwa magharibi, kwa hiyo barabara nyingi zinazoikata zinakwenda kaskazini na kusini, na taa zake haziangaliani na jua ana kwa ana. Kiwanja chenu kimegeuza mambo. Tabora iko digrii 5 kusini mwa ikweta, jua linachomoza karibu mashariki kamili na kuzama karibu magharibi kamili. Taa ya balbu ina kioo cha bakuli nyuma. Saa 12 na nusu jioni mwali unaingia moja kwa moja kwenye taa iliyoelekea magharibi, unapiga lile bakuli, unarudi mwekundu. Dereva anaona taa imewaka wakati imezimwa. Hilo ni kosa baya, kwa sababu linamfundisha kuidharau nyekundu. LED nyingi hazina bakuli la namna hiyo, na tatizo linapungua sana. Ukishikilia balbu, basi kila taa iwe na kofia ndefu ya bati jeusi na sahani nyeusi nyuma yake.

La pili ni waya. Kwenye nguzo moja zinawaka taa 2 kwa pamoja, ampea 5. Kwenda na kurudi ni mita 120. Waya wa 6 (milimita 6 za mraba) una ukinzani wa kama omu 0.37 kwa urefu huo, kwa hiyo unapoteza volti 1.85 njiani na taa inabaki na 8.15. Kanuni za Marekani zinataka taa isipate chini ya asilimia 85 ya volti yake, yaani 8.5 kwa balbu ya volti 10. Umefeli. Waya wa 10 unapoteza kama 1.1, unabaki na 8.9, unapita. Sasa kaulizie bei ya mita 120 za waya wa 10. Na mtu asije akakuuzia waya wa 1.5 wa taa za nyumbani: balbu itawaka rangi ya kahawia.

Ujiji_Relini
Kigoma hapa. Sijaona mtu anaitetea kengele, nami nitaitetea. Kengele ya nyundo haihitaji kikuza sauti wala kadi, unaitengeneza kwa bisibisi. Ila ijue siri yake. Nyundo haitakiwi kulala juu ya chuma. Isimame milimita chache kabla ya kengele, iruke kwa kasi yake yenyewe, iguse na kurudi hapo hapo. Ukiisogeza karibu mno, inagonga na kubaki imebana, mlio unakuwa "tup, tup" badala ya kulia na kuendelea kuvuma. Watu wanasema kengele imekufa, wanabadilisha koili, kumbe ni nati ya kurekebisha nusu mzunguko tu.

Na kama ni suala la kupenda, hakuna kilichowahi kuzidi ile ishara ya zamani ya California, sahani yenye taa nyekundu katikati inayobembea kama mkono wa mlinzi anayetikisa fanusi usiku. Albert Hunt wa reli ya Pacific Electric aliibuni mwaka 1909. Hata mgeni asiyejua kusoma aliielewa, kwa sababu inafanya kile mtu angefanya.

Kaliua_Junction
Inapendeza, lakini ina sehemu zinazocheza mchana na usiku, na kwa vumbi la Tabora la Agosti zitasagika. Hiyo kengele nayo: nyigu wa matope wanapenda uwazi wowote uliotulia. Wakijenga kati ya nyundo na chuma, kengele haitoi hata mlio. Spika ya honi ukiielekeza chini na kuifunga wavu laini mdomoni, umemaliza.

Ujiji_Relini
Wavu laini unafungwa hata kwenye kengele, mkuu. Hiyo si hoja ya spika.

Reli_na_Mchwa
Kabla hamjaipa LED ushindi, sikilizeni kilichotokea kwenye seti moja ya LED iliyofungwa kwenye yadi fulani ya mafunzo. Mchana ilikuwa safi. Usiku ndipo lilipoonekana: taa mbili za jozi hazikuwa zinapokezana, zote zilionekana zimewaka, moja kali na moja hafifu, kisha zinabadilishana. Kwa mbali dereva aliona doa jekundu moja lisilopepesa.

Fundi wa kwanza akabadilisha taa. Vilevile. Wa pili akabadilisha kifaa cha kupepesa, akaweka flasha ya gari. Hapo ndipo mambo yakaharibika zaidi. Flasha ya gari ya kawaida inategemea ampea za balbu. Ikikutana na LED inadhani balbu imeungua, inapepesa haraka au inaganda. Hata ikiwa nzima inapiga mara 60 hadi 120 kwa dakika, wakati taa ya kivuko inatakiwa mara 35 hadi 65. Juu ya hayo, flasha inawasha na kuzima njia moja, haipokezanishi mbili.

Chanzo kilipatikana kwa mita. Kifaa cha kwanza kilitumia transista, na transista ikizima bado inavujisha umeme kidogo. Unyevu kwenye boksi la viungio ukaongeza. Balbu ya wati 25 haihisi mvujo huo, waya wake haupati hata joto. LED inahisi, inawaka kama kaa la sigara. Dawa ikawa kufunga rezista ya omu 100 ya wati 5 sambamba na kila taa. Kwenye volti 12 inakula wati 1.44 tu, mvujo unapita hapo na LED inazimika kabisa. Viungio vikasafishwa, vikapakwa grisi, na boksi likatobolewa tundu chini ili maji yatoke. Wiki nne ziliteketea kwa rezista za bei ya soda.

FundiRilei
Naunga mkono. Ndiyo maana mimi kwa kupepesa situmii transista peke yake, natumia rilei, swichi inayovutwa na koili ya umeme, yenye mguso wa pande mbili. Saketi ya 555, chipu ya kupima muda, inaiendesha: R1 kiloomu 4.7, R2 kiloomu 82, kapasita maikrofaradi 10. Inakupa mara 51 kwa dakika, nusu kwa nusu. Usisahau dayodi ya 1N4007 kinyume kwenye koili, la sivyo 555 itaungua. Taa ya kushoto funga upande uliofungwa wa rilei, ya kulia upande uliofunguka. Uzuri wake ni kwamba 555 ikifa na rilei ikaachia, taa moja inabaki imewaka mfululizo. Kivuko hakibaki giza.

Mama_Stesheni
Na kitoroli kitawashaje taa? Nyote mmeruka hapo. Au mwalimu atabonyeza swichi?

Reli_na_Mchwa
Njia ya heshima ni umeme wa relini, ule aliobuni William Robinson mwaka 1872. Unatia umeme mdogo upande mmoja wa reli mbili, rilei upande mwingine. Njia ikiwa tupu rilei imevutwa. Gurudumu na ekseli vikiingia vinaunganisha reli mbili, rilei inakosa umeme, inaanguka, taa zinawaka. Waya ukikatika inaanguka pia. Kasoro inaangukia upande wa usalama.

FundiRilei
Lakini mataruma ni ya chuma! Nimeuliza tangu mwanzo. Taruma la chuma linaunganisha reli mbili muda wote, rilei haitavutwa hata siku moja. Ama ubadilishe yawe ya mbao kwenye zile mita 24, ama utumie kihesabu ekseli, kifaa kinachohesabu ekseli zinazoingia na kutoka, ambacho hakijali taruma. Kwa kitoroli, mimi ningefunga vihisi viwili tu pembeni ya reli, kimoja kila upande, basi. Na kama mtaweka mbao, futeni kutu kwenye kichwa cha reli kila wiki. Kitoroli chepesi juu ya kutu hakiunganishi kitu, taa zitabaki zimezimwa kipo katikati ya barabara.

Reli_na_Mchwa
Mbao ikae juu ya kokoto safi basi, isiguse udongo. Kwa mchwa wa huko haimalizi misimu miwili.

Kaliua_Junction
Muda wa onyo mmeuangalia? Kanuni ya Marekani ni angalau sekunde 20 kabla ya treni kufika. Kama kuna geti, lisianze kushuka kabla ya sekunde 3 tangu taa kuwaka, na liwe limelala sekunde 5 kabla ya treni. Kwa madereva wetu wa semi zenye tumbaku hizo 20 ni chache. Gari la mita 18 pamoja na mita 10 za eneo la kivuko ni mita 28. Kwa kilomita 5 kwa saa ndiyo sekunde 20 zenyewe, hakuna akiba.

Ujiji_Relini
Hapo umegusa ajali ya Hixon, Uingereza, tarehe 6 Januari 1968. Lori lililobeba transfoma ya tani 120 lilikuwa linavuka kwa mwendo wa mtu anayetembea polepole, kivuko cha mageti nusu (yanayoziba nusu ya barabara tu) kikatoa onyo la sekunde 24. Treni ikaligonga, watu 11 wakafa. Taa zilifanya kazi, mageti yalifanya kazi. Hilo lifundishwe hapo kiwanjani kwa madereva wa magari mazito: kama huna uhakika wa kumaliza kuvuka, zungumza na wa reli kabla hujaingia.

Kwa sababu hiyo napenda taa za Waingereza kuliko za Wamarekani, zinaanza na manjano kama sekunde 3 ndipo nyekundu zipokezane. Aliye karibu mno anajua amalizie.

Kaliua_Junction
Manjano kwa bodaboda wa hapa maana yake ni "ongeza mafuta". Nyekundu moja kwa moja.

Mama_Stesheni
Ya Japani je? Yale mageti ya rangi ya manjano na nyeusi, na mishale inayoonyesha treni inatoka upande gani. Mshale ukiwaka pande zote mbili, mtu anajua treni ya pili inakuja. Lile tatizo langu la reli mbili linakwisha.

Ujiji_Relini
Mama umenipata. Mishale hiyo naikubali kabisa. Ingawa SGR, ile reli mpya ya kisasa, ikikamilika huku kwetu, itavukwa kwa madaraja ya juu na ya chini, vivuko vya taa vitabaki vya njia ya zamani.

Mwanyanyembe
Ahsanteni wote. Naelekea LED kwa ajili ya jua na waya, na kengele ya nyundo kutoka seti ya kwanza, kama muuzaji atakubali kuzitenganisha. Mataruma bado sijaamua. Swali: kengele hiyo imeandikwa volti 10, betri ni 12, na ikiwa inachajiwa inapanda mpaka 13.8. Niiunge moja kwa moja?

FundiRilei
Usiunge. Pima kwanza omu za koili na ampea inazokula ikilia, ulete namba hapa, tukutafutie rezista. Na mishale ya mama mnaitaka au hapana? Maana waya wake unaongezeka, na mfereji mnachimba mara moja.

Mama_Stesheni
Wanaitaka.